Amplifaya ya mtumba yenye volyumu zisizolingana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nobu ya kushoto ikiwa wima, saa sita, ya kulia lazima niipeleke hadi saa nane ndipo spika zilie sawa. Nimeuziwa amplifaya mbovu?

Pengine hapana. Hili ni jambo la kawaida mno kwenye amplifaya zilizokwisha kutumika, na mara nyingi chanzo chake ni kidogo: nobu iliyoteleza kwenye mhimili, swichi ya nyuma iliyoguswa, waya wenye pini iliyokatika, au potenshomita (kile kipande cha ndani kinachozungushwa na nobu ili kupunguza sauti) iliyobadilishwa na fundi aliyetangulia akaweka ya aina nyingine. Zile transista kubwa zinazosukuma nguvu kwenye spika, zilizofungwa kwenye bati la kupozea, ndizo za mwisho kushukiwa.

Lakini huwezi kulijua hilo kwa kutazama nobu. Nobu inakuonyesha plastiki imeelekea wapi, basi. Kinachotakiwa ni kujua tofauti inaanzia wapi: kabla ya amplifaya, kwenye volyumu yenyewe, ndani zaidi, au kwenye spika.

Nianze na nini kabla ya kushika bisibisi?

Zungusha nobu zote mbili kinyume cha saa hadi zigote. Mstari wa kila nobu uelekee mahali pamoja, kwa kawaida karibu na saa moja. Kisha zizungushe hadi mwisho wa upande wa pili, karibu na saa kumi na moja. Kama moja inagota saa moja na nyingine inagota saa mbili na nusu, tatizo umeshalipata: nobu imechomekwa vibaya. Mihimili mingi ina meno madogo pembeni, na nobu ikivutwa na kurudishwa haraka inaingia hata ikiwa imepinda. Ivute moja kwa moja kuja kwako, uipange, uirudishe. Ikigoma, pitisha kitambaa chembamba nyuma yake uvute kwa kitambaa. Ukiibandua kwa bisibisi utakwaruza paneli na unaweza kuung'oa mhimili.

Nobu zikiwa sawa, tazama nyuma. Swichi ya hali ya kazi iwe kwenye stirio. Kwenye amplifaya nyingi, ukiweka hali ya daraja, ile ya kuunganisha chaneli mbili ziendeshe spika moja, volyumu ya chaneli ya kwanza ndiyo inayofanya kazi na ya pili inapuuzwa. Kisha tazama swichi ya usikivu wa ingizo kama ipo. Huandikwa 0.775 V na 1.4 V, au desibeli 26 na desibeli 32 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha ukubwa wa ishara au sauti). Desibeli 26 ni kukuza volti mara 20, desibeli 32 ni mara 40. Kama kila chaneli ina swichi yake na moja imeguswa, utapata tofauti ya desibeli 5 hadi 6 bila kitu chochote kuharibika. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetumia amplifaya mbili tofauti, moja kila upande, akashangaa nobu hazifanani.

Baada ya hapo, badilishana. Zima, hamisha waya wa kuingiza wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, washa usikilize. Udhaifu ukihama na waya, amplifaya haina kosa. Kosa liko kwenye waya, miksa au chanzo cha muziki. Usipohama, zima tena, rudisha waya, kisha badilishana spika. Udhaifu ukiifuata spika, huenda koili moja imeungua, au spika moja ni ya omu 4 na nyingine ya omu 8. Udhaifu ukibaki kwenye chaneli ile ile baada ya mabadilishano yote mawili, sasa una haki ya kuishuku amplifaya.

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Ndiyo inayookoa muda kuliko zote.

Kwa nini mafundi husema "fungua zote mpaka mwisho" kwanza?

Kwa sababu potenshomita ikifunguliwa kabisa inakuwa kama haipo. Mguu wake wa katikati unakuwa umegusana na mguu wa ingizo, na sauti inapita bila kupunguzwa. Hapo hitilafu za potenshomita zinaondoka kwenye hesabu, na unachosikia ni amplifaya yenyewe.

Shusha kwanza sauti kwenye chanzo, karibu na sifuri. Fungua nobu zote mbili hadi mwisho, halafu pandisha chanzo polepole mpaka sauti ya wastani. Tumia muziki wa mono, au sauti ya mtu akizungumza, ili pande zote mbili zipokee kitu kile kile. Kwenye muziki wa stirio gitaa linaweza kuwa upande mmoja kwa makusudi na likakudanganya.

Zikilingana zikiwa wazi, na zikatofautiana zikiwa katikati, shida ni potenshomita au vipande vinavyoizunguka. Zikitofautiana hata zikiwa wazi, shida iko mahali pengine, na kubadilisha potenshomita ni kutupa pesa. Jaribio hili moja linagawanya kazi yote mara mbili.

Je, nobu hizi hazipunguzi nguvu ya amplifaya?

Hazipunguzi. Kwenye amplifaya ya nguvu, volyumu inakaa mlangoni: inapunguza ishara inayoingia, na hatua ya nguvu inakuza vile vile kama kawaida. Amplifaya ya wati 500 iliyowekwa nobu nusu bado inaweza kutoa wati 500, mradi miksa iisukume vya kutosha. Kwa hiyo usiweke nobu chini ukidhani umezilinda spika. Ndiyo maana paneli nyingi huandika 0 dB upande uliofunguliwa kabisa, na namba hasi kadiri unavyofunga: ile sifuri ina maana kwamba hakuna kilichopunguzwa.

Nitapimaje bila vyombo vya maabara?

Multimita ya kawaida inayopima volti za AC (umeme unaobadilika mwelekeo) inatosha, pamoja na simu au kompyuta yenye faili la toni. Chagua toni ya 100 Hz. Mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kupima masafa ya umeme wa ukutani, na usahihi wake hupungua masafa yanapopanda; kwa 100 Hz unaweza kuziamini.

Zima amplifaya, toa spika zote mbili, peleka toni ile ile kwenye ingizo zote mbili. Washa, fungua nobu zote, pandisha chanzo mpaka chaneli moja isome takriban volti 5. Bila kugusa kitu kingine, pima chaneli ya pili. Kisha shusha nobu zote hadi robo tatu ya mzunguko, pima, nusu, pima, robo, pima. Andika kila namba.

Kusoma matokeo ni rahisi. Volti 5 kwa 4.45 ni tofauti ya desibeli 1. Volti 5 kwa 3.55 ni desibeli 3. Volti 5 kwa 2.5 ni desibeli 6. Anayetaka kukokotoa mwenyewe: gawa volti kubwa kwa ndogo, tafuta logi ya jibu, zidisha kwa 20.

Kuna tahadhari mbili. Amplifaya za vali zenye transfoma ya kutolea haziwashwi bila spika au mzigo wa kuigiza. Kuzilisha ishara zikiwa wazi kunaweza kuunguza transfoma hiyo. Pia usidhani kwamba terminali nyeusi ya spika daima ni ardhi. Kwenye amplifaya nyingi za Daraja D (Class D, zinazokuza kwa kuwasha na kuzima transista haraka sana), na kwenye ile hali ya kuunganisha chaneli mbili, terminali zote mbili zina ishara. Gusa ncha moja ya mita kwenye nyekundu na nyingine kwenye nyeusi ya chaneli ile ile, kamwe usipitie kwenye kasha la chuma la amplifaya.

Tofauti ya kiasi gani si ya kuhangaikia?

Zikiwa wazi kabisa, chaneli mbili nzima hutofautiana kwa sehemu ndogo tu ya desibeli. Ukipata zaidi ya desibeli 1 hapo, tafuta sababu. Zikiwa katikati, tofauti ya desibeli 1 hadi 2 kati ya potenshomita mbili za kaboni ni ya kawaida hata kwenye amplifaya mpya. Karibu na kufungwa, hali huwa mbaya zaidi, na hakuna cha kurekebisha.

Kwa sikio, desibeli 1 ni vigumu kuitambua kwenye muziki. Desibeli 3 mtu yeyote ataisikia.

Zikiwa wazi ziko sawa, zikiwa nusu moja inapiga kelele kuliko nyingine. Hii inatoka wapi?

Hapa ndipo amplifaya nyingi za mtumba zinapoangukia, na inafaa tukae kidogo.

Potenshomita zina tabia mbili kuu. Ya linia hubadilika sawasawa: ikifika nusu ya mzunguko, inatoa nusu ya volti, yaani desibeli 6 chini ya mwisho. Ya logi hutoa kidogo mwanzoni na nyingi mwishoni ili iendane na sikio. Ikifika nusu inatoa takriban asilimia 10 hadi 15 ya volti, ambayo ni desibeli 16 hadi 20 chini. Sasa fikiria chaneli moja ina ya logi ya kiwandani, na nyingine ilikufa ikabadilishwa kwa ya linia kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Zikifungwa zinalingana, zikifunguliwa kabisa zinalingana, katikati zimeachana kwa desibeli 10 na zaidi. Hakuna kilichoharibika, na bado haziwezi kulingana kamwe.

Soma maandishi ya ubavuni au mgongoni mwa potenshomita. A50K au B10K, kwa mfano: namba ni ukinzani, herufi ni tabia. Kwa vipande vingi vya sasa A ni logi na B ni linia, ila baadhi ya vipande vya zamani vya Ulaya viligeuza herufi hizo. Herufi zikitofautiana kati ya chaneli mbili, jibu unalo. Zikifanana lakini moja ina rangi ya solda mpya inayong'aa na nyingine imefifia, kuna mtu alipita hapo. Pima tabia yake kwa mita badala ya kuiamini herufi.

Jambo ambalo wengi hulikosa: ukinzani mzima wa potenshomita si muhimu kama unavyodhaniwa. Potenshomita za kaboni huruhusiwa kupotoka asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo moja ya kilo-omu 10 inaweza kusoma 9 na mwenzake 11, na bado sauti zikalingana vizuri. Kinachohesabika ni uwiano, mguu wa kati unasimama sehemu gani ya jumla. Potenshomita nyingi za logi hutengenezwa kwa kuunganisha vipande viwili vya kaboni vyenye ukinzani tofauti, na pale vinapokutana, mara nyingi karibu na katikati, ndipo mbili za aina moja huachana zaidi. Bahati mbaya ndipo watu wengi wanapoweka nobu.

Kisha kuna risista ya msaada, yaani kipande kidogo chenye ukinzani maalumu. Watengenezaji wengine huweka potenshomita ya linia, halafu huunganisha risista ndogo kutoka mguu wa kati kwenda ardhini ili tabia yake ikaribie ya logi. Chukua potenshomita ya kilo-omu 100 na risista ya kilo-omu 15: katikati ya mzunguko inatoa desibeli 14.5 chini. Risista hiyo ikikatika au solda yake ikipasuka, chaneli ile inarudi kwenye desibeli 6 chini, na ghafla ndiyo inayopiga kelele kuliko mwenzake. Kwa hiyo usidhani chaneli dhaifu ndiyo mgonjwa. Inawezekana yenye nguvu ndiyo iliyopoteza kitu.

Zimefunguliwa kabisa na bado hazilingani. Je, transista zimechoka?

Dhana hii ya transista kuchoka imewafanya watu wengi wabadilishe vipande vizima. Hatua ya nguvu hukuza kwa kiwango kinachopangwa na risista mbili za mrejesho, zinazorudisha sehemu ya sauti inayotoka ilinganishwe na inayoingia. Zikiwa kilo-omu 22 na kilo-omu 1, ukuzaji ni mara 23, na transista zilizozeeka kidogo hazibadilishi hesabu hiyo. Transista ikiharibika kweli hutangaza: fyuzi inakatika, taa ya ulinzi inawaka, sauti inakwaruza, au DC (umeme usiobadilika mwelekeo) inatoka kwenye terminali za spika. Haishuki desibeli 3 kimyakimya.

Tafuta kwenye sehemu hizi.

Tofauti ikiwa karibu desibeli 6 kamili, anza na soketi ya XLR, ile ya duara yenye pini tatu ya kuingizia ishara. Pini ya 1 ni ardhi, ya 2 na ya 3 zinabeba ishara ile ile, moja ikiwa imegeuzwa. Ikikatika mojawapo, kwenye amplifaya nyingi nusu ya volti inapotea lakini sauti inaendelea kutoka ikionekana nzima. Soketi ya mtumba iliyovutwa kwa miaka hupasuka solda pale pale inaposhika bodi.

Chaneli dhaifu ikikosa besi zaidi kuliko sauti nyembamba, shuku kapasita, kipande kinachohifadhi chaji na kupitisha ishara huku kikizuia DC. Rudia kipimo kwa toni ya 50 Hz, kisha 1 kHz, ukilinganisha chaneli kwa chaneli. Zikilingana kwa 1 kHz na kuachana kwa 50 Hz, kapasita ya ingizo au ya mrejesho imekauka. Ni kipande kidogo, na kukibadilisha ni kazi nyepesi kwa mwenye mkono wa solda.

Sauti ikiwa haipo au inakwaruza kwa chini, halafu ikarudi kwa kishindo ukipandisha, hiyo ni rilei ya ulinzi, swichi inayoendeshwa na umeme ili kukata spika kukiwa na hitilafu. Kontakti zake zimeungua, na ishara ndogo haiwezi kuvuka mpaka iongezwe.

Amplifaya zenye kizuizi cha kilele, ile saketi inayobana ishara inapozidi, huweza kubana chaneli moja muda wote kizuizi kikiharibika. Kama kuna swichi ya kukizima, kizime usikilize. Sauti ikiruka juu, umekipata.

Volyumu inakwaruza, na mahali fulani sauti inapotea. Nisafishe kwa kitu gani?

Kwa dawa ya kusafishia kontakti za umeme, na si mafuta ya bawaba za mlango. Hayo huvuta vumbi na kuyeyusha grisi iliyowekwa kiwandani. Toa plagi ukutani, fungua mfuniko, tafuta tundu dogo karibu na miguu ya potenshomita, puliza kidogo sana, kisha zungusha kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 au 30. Iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ikiwa tofauti ya sauti ilitokana na uchafu, itapungua hapo hapo.

Mkwaruzo ukirudi baada ya siku chache, kuna uwezekano kwamba DC inavuja kupitia kapasita na kufika kwenye potenshomita. Pima volti za DC kati ya mguu wa kati na ardhi: kunapaswa kuwa na karibu sifuri. Dawa haitatibu hilo.

Nikifungua mfuniko, hatari iko wapi?

Kwenye kapasita kubwa za umeme wa ndani. Zinaweza kubeba makumi ya volti upande chanya na makumi mengine upande hasi, hata plagi ikiwa imetolewa. Pima kwa mita mpaka isome volti chache tu. Ukitaka kuharakisha, zipunguze kwa risista ya kilo-omu 1 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ukiishika kwa koleo lenye mpira. Kuzigusanisha kwa bisibisi kunatoa cheche zinazoyeyusha chuma na kuharibu kapasita. Amplifaya yenye umeme wa kubadilisha kwa masafa ya juu ina pia volti za ukutani zilizonyooshwa, zaidi ya 300 pale umeme ni 230 V; hapo mtu asiye na uzoefu aiache.

Nabadilisha potenshomita. Nibadilishe moja tu?

Badilisha zote mbili, zitoke kundi moja. Ukibadilisha moja, unaoanisha kaboni mpya na kaboni iliyosuguliwa miaka mingi. Angalia ukinzani, herufi ya tabia, urefu na umbo la mhimili, na nafasi ya miguu kwenye bodi. Ukiweza kupata nne au tano, zipime kila moja kabla ya kulehemu: zungusha nusu, soma uwiano wa mguu wa kati kwa jumla, uchague mbili zilizokaribiana. Hiyo ni kazi ndogo sana kwa faida kubwa.

Yangu ina volyumu moja inayoendesha pande zote mbili, na upande mmoja unaanza kabla ya mwingine.

Hiyo ni potenshomita pacha, kaboni mbili kwenye mhimili mmoja, na haifuatani vizuri karibu na kufungwa. Dawa ni kuitumia juu zaidi: shusha chanzo, au weka kipunguza ishara kwenye ingizo, ili nobu ifanye kazi kuanzia saa nne kwenda mbele.

Naweza kuiacha ilivyo?

Kama tofauti inaonekana katikati tu, ndiyo. Mafundi wengi wa kumbi huacha nobu za amplifaya wazi kabisa na kuongoza sauti kwenye miksa, na hapo potenshomita hazina nafasi ya kuleta tofauti. Gharama yake ni mvumo: ukifungua kabisa, kelele ndogo za miksa nazo zinakuzwa zote, na spika zenye usikivu mkubwa zitakuonyesha. Ikikusumbua, shusha zote mbili kiasi, pima kwa toni mpaka volti zilingane, kisha weka alama ndogo ya rangi kwenye paneli mbele ya kila nobu. Alama hizo hazitakuwa saa ile ile kwa pande zote mbili, na hilo halina madhara yoyote.